Ukurasa wa Nne wa Sheria ya Pweza

Ninyi mliobaki ofisini kwetu, ghorofa ya tano, mna nakala ya sheria ya uvuvi wa pweza ndani ya kabati la kijani. Najua iko siku mmoja wenu ataifungua na kuuliza kwa nini ukurasa wa nne ni mweupe kuliko kurasa nyingine. Asimuulize mhudumu wa chai, maana atapewa hadithi ndefu isiyo na kichwa. Aniulize mimi niliyeubadilisha. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Mutuini, pembeni mwa Nairobi, na ng'ombe wawili na mpangaji mmoja anayependa muziki kuliko majirani zake, na nafasi ya kueleza ninayo.

Kabla ya samaki nilikuwa mwandishi wa sheria ndogo za baraza la jiji. Niliandika kuhusu mifereji, mabango na mbwa wasiofungwa. Mifereji iliendelea kuziba na mbwa hawakusoma nilichoandika, lakini nilijifunza kuandika sentensi ambayo wakili hawezi kuipinda. Ndiyo iliyonipeleka kwenye ofisi yetu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kazi yake mnaijua: kuzisaidia nchi za visiwa kuandika sera na sheria za bahari zao, ili samaki wasiishe na watu wapate kuishi. Kwa nini ofisi ya bahari iwe katikati ya Nairobi, mahali ambapo maji mengi tunayoyaona ni ya bomba lililopasuka, sikuwahi kupewa jibu la maana. Waliniambia ndege zote hupitia hapa.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Zuhura. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mwanamke wa pwani ya kaskazini, mwembamba, wa buibui na miwani iliyoning'inia kwa uzi, na alikuwa amesoma sera za uvuvi za nchi nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Aliniangalia kutoka viatu hadi kitambaa cha kichwani.

"Umewahi kuiona bahari?" akaniuliza.

"Kwa picha, Bi Zuhura."

"Basi una heri. Wengine humu wameiona wakiwa hotelini, wakadhani wameijua."

Akachukua mkoba wake, tukashuka ngazi, tukatembea hadi soko la samaki la katikati ya jiji. Akanunua samaki wawili aina ya changu, mmoja mdogo na mmoja mkubwa, tukarudi nao ofisini wakiwa wamefungwa kwa gazeti. Kwenye sinki la jikoni akanipa kisu. Nilikuwa nimevaa sketi mpya ya siku ya kwanza ya kazi, na nadhani aliiona vizuri kabisa.

"Mpasue huyo mkubwa. Unaona nini?"

"Mayai."

"Sasa huyu mdogo."

Mdogo hakuwa na kitu.

"Huyo hajazaa hata mara moja," akasema. "Sheria ya saizi ya samaki ni hiyo tu, Wambui. Mwache azae kwanza. Mengine yote ni makaratasi."

Ofisi ilinuka siku mbili. Uongozi ulitoa waraka kuhusu matumizi ya sinki, na nadhani ndiyo sheria pekee iliyowahi kufuatwa kikamilifu katika jengo lile.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Nilikuwa na kompyuta iliyochukua muda mrefu kuamka kuliko mimi, kasha la disketi, ramani za bahari zilizokunjwa mpaka zikatoboka kwenye mikunjo, na jedwali la maji ambalo Bi Zuhura alilibandika ukutani kwangu. Linaonyesha saa za maji kupwa na kujaa. Nilijifunza kwamba kuna bamvua, siku ambazo maji hukimbia mbali na mwamba wote ukabaki wazi, na kuna maji mafu, siku ambazo bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Kwa miaka mingi nilijua saa ya maji kupwa kwenye visiwa ambavyo sijavikanyaga, huku sijui basi la Mutuini litapita saa ngapi. Sina hakika kama basi lenyewe lilikuwa likijua.

Kubwa zaidi nililopewa na Bi Zuhura lilikuwa swali. Kila nilipomletea kifungu kipya, hata kiwe kizuri namna gani, aliuliza: "Kesho asubuhi nani ataamka afanye nini tofauti?" Kama sikuweza kumtaja mtu na kutaja atakachokifanya, kifungu kilirudi mezani kwangu. Mkitaka kuokota kitu kimoja tu katika maandishi haya, okoteni hilo.

Kazi yangu ya kwanza nzito ilikuwa ya jodari, wale samaki wakubwa wa bahari kuu. Nchi moja ya visiwa, ambayo nitaiita Visiwa tu, ilikuwa ikitoa leseni kwa meli za kigeni, na meli zikiondoka hakuna aliyejua zimebeba nini. Waziri wao alitaka orodha ndefu ya adhabu. Bi Zuhura akaniambia niandike sentensi moja: meli ilete ripoti ya ilichovua kabla ya kupewa leseni nyingine. Mawakala wa meli wakaja Nairobi na mawakili wao, suti nzuri kweli, wakabishana nasi siku nzima juu ya neno "kabla". Wao walitaka "baada". Saa kumi na moja jioni walichoka. Sisi hatukuchoka, kwa sababu Bi Zuhura alikuwa amefunga na hata hakuwa na haja ya kusimama kunywa chai. Tukaibakiza "kabla". Siku hizi kazi hiyo mnaiita uchumi wa buluu na mna vikombe vyenye maandishi hayo. Sisi tuliiita kazi.

Sasa nifike kwenye pweza.

Visiwa walirudi kwetu baada ya miaka michache na shida nyingine. Pweza wao walikuwa wanazidi kuwa wadogo. Wanunuzi wa nje walikuwa wengi, mwamba ulivuliwa kila siku, na pweza hakupewa nafasi ya kukua. Serikali ikataka sera safi: kila mvuvi asajiliwe na awe na leseni, na sehemu za mwamba zifungwe kwa miezi kadhaa, kisha zifunguliwe kwa wenye leseni. Ni wazo zuri. Pweza hukua haraka sana akiachwa. Nikapewa niandike.

Kila sheria huanza na maana za maneno. Nilihitaji maana ya "mvuvi". Nikakumbuka kwamba kwenye sheria ya jodari tulikuwa nayo tayari, imeshabishaniwa, imeshapitishwa na haina tundu hata moja: mvuvi ni mtu anayevua kwa kutumia chombo cha majini kilichosajiliwa. Nikainakili. Nakumbuka nilijisifu kwamba nimeokoa asubuhi nzima.

Bi Zuhura akaisoma rasimu na kutia herufi za jina lake chini ya kila ukurasa. Kamati ikaipitisha. Mkurugenzi wa wakati huo akachagua picha ya jalada: mwanamke amesimama mwambani, ameinua pweza, anacheka. Wote tulisema picha ni nzuri.

Ujumbe wa Visiwa ukaja Nairobi kwa mkutano wa mwisho, kwenye hoteli moja ya mjini. Walikuwa watatu: Katibu Mkuu wa wizara, mwanasheria wao, na mama mmoja aliyeitwa Bi Echati, mwakilishi wa wanawake. Ilikuwa Julai, mwezi wa baridi Nairobi, na yule mama alikuwa amejifunika sweta la kuazima linalomfika magotini. Alizungumza Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na cha Mombasa, ambako aliwahi kufanya biashara ya vitambaa. Siku nzima ya Alhamisi hakuulizwa kitu, isipokuwa kama chakula ni kizuri.

Ijumaa, wakati wa chai ya alasiri, alinijia na rasimu mkononi.

"Dada, ati ni wewe uloandika hii?"

"Ni mimi, mama."

"Nionyeshe mimi niko wapi."

Nikadhani anatafuta jina lake. Nikamfungulia orodha ya wajumbe nyuma kabisa. Akacheka.

"Hapo nimejiona. Nasema humu ndani ya sheria. Mimi navua pweza. Mamangu alivua, na bintiangu avua. Niko wapi?"

Nikafungua ukurasa wa nne kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake. Nikamsomea maana ya mvuvi, polepole, kidole kikiwa kwenye mstari.

"Chombo ni nini?" akauliza.

"Mashua, mtumbwi, ngalawa. Kitu cha kuelea."

Bi Echati aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Mimi sina chombo," akasema. "Nina miguu."

Chai yangu ilipoa mkononi. Siku za bamvua, wanawake wa Visiwa hutembea mwambani na chuma chenye ncha, huchokoa mashimo na kutoa pweza. Hawana mashua wala hawaihitaji. Kwa maandishi yangu, asiye na chombo si mvuvi, asiye mvuvi hapati leseni, na anayetoa pweza bila leseni anashtakiwa. Mwamba ungefungwa kwa wote, lakini siku ya kufunguliwa ungefunguliwa kwa wanaume wenye mashua peke yao. Kwa mstari mmoja, tena niliokuwa nikijivunia, nilikuwa nimewafanya wanawake wa visiwa vizima wezi wa pweza wao wenyewe. Na mmoja wao tulikuwa tumemweka kwenye jalada.

Nikamwendea Mkurugenzi palepale kwenye meza ya mandazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba.

"Wambui, kamati imepitisha," akasema. "Jumatatu mchana waziri wao anashuka kwa ndege kuja kutia saini. Marekebisho tutafanya mwakani."

"Mwakani watakuwa wameshapelekwa kortini."

"Usiiguse hiyo karatasi. Iko kwa mpiga chapa, na hiyo ni amri."

Bi Zuhura alikuwa ameenda msikitini kwa sala ya Ijumaa na hakurudi siku ile. Asubuhi ya Jumamosi nikavaa viatu vya kutembea, nikaenda River Road.

Mpiga chapa wetu aliitwa Gitau, mtu mkubwa wa aproni nyeusi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la misumari. Mtambo ulikuwa unanguruma.

"Bwana Gitau, ukurasa wa nne umeshapita?"

"Madam, hiyo ndio iko kwa mashine sai."

"Isimamishe."

"Nisimamishe aje? Mkubwa wako alipiga simu jana, akasema nisisikize mtu."

"Alinitaja jina?"

"Alikutaja. Alisema hata wewe, especially wewe." Akaupangusa mkono kwa kitambaa. "Kwani hiyo page iko na nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, kuhusu mwamba, miguu na jalada. Alisikiliza akiwa ameegemea mtambo, kisha akalichukua jalada lililokwisha kupigwa chapa, akalitazama.

"Sasa huyu mama kwa picha ndio anashikwa?"

"Ndiye huyo."

Akanyoosha mkono akazima mtambo. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hadi muuza misumari akachungulia.

"Mimi nitamaliza hizo page zingine," Gitau akasema. "Hii ya four naweka kando mpaka Monday saa sita. Ikifika saa sita hujakuja, naichapa vile iko. Mimi pia niko na watoto, madam."

Kutoka hapo nikaenda Woodley, nyumbani kwa Bi Zuhura. Aliishi katika moja ya zile nyumba za zamani zenye ua wa miti mbele, peke yake tangu mumewe afariki. Nilimkuta kibarazani na sinia la mchele, anachagua mawe. Kwa miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumpelekea habari ya kosa ambalo na yeye yumo.

Sikusema maneno mengi. Nikamwekea ukurasa wa nne juu ya meza na kumwambia alichoniambia Bi Echati. Alivaa miwani. Aliusoma. Akausoma tena. Herufi za jina lake zilikuwa pale chini, kwa wino wa buluu.

"Kosa ni langu," nikasema. "Niliinakili kutoka kwenye jodari bila kufikiri."

Aliendelea kuchagua mchele, jiwe moja, jingine, mpaka nikafikiri amekasirika.

"Mamangu alinisomesha kwa pweza," akasema. "Kila bamvua alitoka na chuma chake, na miguu yake ilikuwa na makovu ya mwamba mpaka anakufa. Alikuwa hana hata mtumbwi wa kuazima. Wewe hukujua, Wambui. Wewe watoka Mutuini. Mimi nilijua, na nikatia jina langu."

Nikavuta kiti, nikachagua mchele upande wangu wa sinia. Tulipomaliza alisimama, akakung'uta nguo yake.

"Jumatatu nitasema mimi."

"Bi Zuhura, mbele ya Katibu Mkuu? Mbele ya wageni wote?"

"Kwani jina langu nilitia mafichoni?"

Jumatatu asubuhi, kikao kilipofunguliwa, Mkurugenzi alikuwa amepanga nusu saa ya shukrani. Bi Zuhura alisimama kabla hajaanza.

"Kuna kosa ukurasa wa nne," akasema, "na kosa hilo ni langu. Sheria hii imewasahau watu inaowahusu zaidi."

Akaeleza. Hakujitetea na hakunitaja. Mkurugenzi alikuwa akiyatazama mazulia. Katibu Mkuu, mtu mwenye akili na mcheshi kidogo, akatoa hoja yenye uzito.

"Bi Zuhura, nakuelewa. Lakini mashua nitaisajili kwa namba. Anayetembea mwambani nitamsajili kwa nini, kwa urefu wa miguu? Na mwamba ukifungwa, nitawalinda vipi watu ambao sijui idadi yao?"

Watu wakacheka. Bi Echati hakucheka. Aliomba nafasi ya kusema, na kwa mara ya kwanza tangu afike akavua lile sweta.

"Bwana Katibu, mlipojaribu kuufunga mwamba wa kaskazini, nani aliulinda?"

"Askari wa idara."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Na boti yao?"

Katibu Mkuu akakohoa. "Ilikuwa imeharibika."

"Sisi tupo pale kila bamvua," Bi Echati akasema. "Hatuna injini ya kuharibika. Nawajua wote wanaotembea mwambani kwetu, na mama zao nawajua. Tuandikeni ndani, tutaulinda. Tuacheni nje, itabidi mtulinde sisi, na sisi hamtatuweza."

Katibu Mkuu akamgeukia mwanasheria wake: "Kuna shida gani huyu mama kuandikwa?" Mwanasheria akasema haoni shida.

Tuliandika kwenye korido, nyuma ya karatasi ya ratiba, Bi Zuhura, Bi Echati, mwanasheria na mimi. Mvuvi ni mtu yeyote anayevua, kwa chombo au kwa miguu. Daftari la wanaotembea likawekwa mikononi mwa kamati za vijiji, na siku za kufunga na kufungua mwamba zikapangwa pamoja na wanawake wenyewe, kufuata bamvua. Kwa kila sentensi Bi Zuhura aliuliza lile swali lake, na kila mara Bi Echati alikuwa na jina la mtu wa kujibu.

Nilifika River Road saa sita kasoro dakika chache, viatu mkononi kwa sababu kisigino kimoja kilikatika njiani. Gitau alikuwa tayari amesimama kando ya mtambo. Karatasi ya aina ile ilikuwa imemwishia, akatumia aliyokuwa nayo, nyeupe zaidi. Ndiyo sababu ya rangi ile. Waziri alipofika hotelini, kurasa zilikuwa zimeshonwa na bado zina joto. Akatia saini, akapigwa picha, akala, akaondoka. Hakujua kitu, na haikuwa lazima ajue.

Mkurugenzi aliniandikia barua ya onyo kwa kukaidi amri. Ilikuwa haki yake. Aliniletea rasimu yake niipitie, kwa mazoea nadhani, nikamrekebishia makosa mawili ya sarufi kabla hajaitia saini. Bi Zuhura naye aliandika waraka wake akieleza kosa lake mwenyewe na akausambaza kwa ofisi nzima. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, na sijaona mwingine aliyefanya hivyo.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku ileile. Mwaka wa kwanza kijiji kimoja kiliuvunja ufungaji, wake kwa waume, wakavua mwamba ukiwa umefungwa. Kamati ya wanawake haikwenda mahakamani. Siku ya kufungua, wanakijiji wale waliambiwa wakae ufukweni watazame wenzao wakivua. Mwaka uliofuata hakuna aliyerudia. Bi Echati alipiga simu ofisini siku ya kufungua mwamba mwaka huo wa pili, upepo ukivuma kwenye simu, akapiga kelele: "Dada! Pweza wa leo haingii kwenye ndoo!" Nikampa Bi Zuhura simu. Walizungumza muda mrefu, kwa lafudhi ambayo nilielewa nusu yake, na mwisho Bi Zuhura alitoka nje kunawa uso.

Baada ya hapo niliandika sheria nyingine nyingi, za majongoo bahari, za kamba wa baharini, za bandari ndogo. Nilikuwa mzuri katika kazi hiyo na sioni haya kusema. Lakini sikunakili tena maana ya neno lolote bila kumtafuta mtu anayeitwa kwa neno hilo na kumsomea.

Mwaka wangu wa mwisho, bahasha ilifika kutoka Visiwa. Walikuwa wameirekebisha sheria ya pweza wenyewe, bila sisi, wakatutumia tuitolee maoni. Walikuwa wamefuta vifungu vyangu vitatu, kimoja nilichokipenda sana. Walikuwa wameongeza kifungu kuhusu pweza jike anayeatamia mayai shimoni, ambaye hali chochote mpaka mayai yaanguliwe na yeye afe, kwamba shimo lake lisiguswe. Sikuwa nimewahi kukifikiria. Niliisoma rasimu yote mara mbili nikitafuta kosa, kwa bidii, na nakiri kwamba nilitamani kulipata. Kisha nikaandika jibu la mstari mmoja: hatuna la kuongeza.

Mkurugenzi mpya aliisoma barua ile kabla ya kuitia saini. Akainua kichwa.

"Kama hawatuhitaji tena, Bi Wambui, sisi tuko hapa kufanya nini?"

"Hiyo tumeimaliza," nikamwambia. "Lete nyingine."